Salamu ya Maalim na Risasi za Mjomba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo nusura inikoseshe mke. Huyu huyu bibi yako unayemsikia anakuna nazi huko uani, ambaye leo akikohoa tu nyumba nzima inamkimbilia kumuuliza ana nini, nilikaribia kumpoteza kwa ajili ya salamu moja ambayo sikuiitikia. Kaa vizuri nikusimulie. Na hiyo simu ilaze kifudifudi, itakungoja, haina miguu.

Mimi nililelewa na mjomba wangu Hamisi, huku huku Kikoneni. Kwetu Wadigo wa enzi zile mtoto wa dada alikuwa mtoto wa mjomba, na mjomba ndiye aliyemlisha, aliyemchapa na aliyemwoza. Mjomba Hamisi alikuwa mtu mfupi, wa maneno machache, na kazi yake ilikuwa kulinda shamba la miwa la kule bondeni. Adui alikuwa nguruwe mwitu. Wewe nguruwe unamjua kwenye picha, mwanangu. Nguruwe mwitu akiingia shambani na ukoo wake, kukicha hukuti shamba, unakuta uwanja.

Siku hizo serikali haikuwa imepiga marufuku uwindaji. Mjomba alikuwa na bunduki ya kibali, ya kizamani, ambayo risasi zake hata Mombasa madukani zilikuwa hazipatikani tena. Kwa hivyo alizijaza mwenyewe nyumbani, na hilo pia alikuwa na ruhusa nalo. Akipiga, huliokota ganda la shaba. Hulisafisha, akalitia fataki mpya ya kuwashia, akalipimia baruti, kisha akalifunga kwa kichwa cha risasi. Ganda moja lilirudi kazini mara nyingi kuliko vibarua wa lile shamba.

Usinitolee macho. Sikufundishi kazi hiyo, na leo ukikutwa nayo nyumbani bila ruhusa utalala mahali pasipo na mto. Bunduki yenyewe tuliirudisha serikalini mjomba alipofariki. Ninalokupa ni jambo jingine lililokuwa ndani ya kazi ile.

Sikiliza basi. Ganda la bunduki ile lilikuwa limenyooka, upana mmoja kutoka chini hadi juu, na lina kina. Baruti yake ilikuwa kali na kipimo chake kidogo, inakaa huko chini gizani. Ukimimina kipimo kimoja, ganda bado lina nafasi. Ukisahau ukamimina cha pili, bado lina nafasi. Halifuriki, halikwambii kitu. Utakuja kuambiwa siku ya kupiga, na atakayeambiwa ni yule aliyeweka shavu lake kwenye bunduki. Mjomba alikuwa na mwenzake pale shambani, Bwana Salimu, aliyekuwa na jicho moja. La pili lilikwenda siku bunduki ilipompasukia usoni. Alikuwa akijaza risasi, akaitwa nje kuulizwa mbuzi wa nani, akarudi, akaendelea alipodhani ameachia. Ni hilo tu. Mbuzi wa nani.

Ndiyo maana mjomba aliponifundisha kazi alinipa sharti kabla ya kunipa kiti. "Ukishika baruti," alisema, "huna mdomo wala masikio." Nami nililishika sharti hilo barabara. Wallahi nililishika, tena nikaanza kujivunia. Vijana wenzangu wakinipigia kelele dirishani, mimi kimya, nimekunja uso kama kadhi. Nilijiona mtu mkubwa.

Sasa, mwaka huo nilikuwa nimempenda Mwanamisi, binti wa Maalim Omari. Maalim ndiye aliyekuwa na chuo cha Kurani pale karibu na msikiti. Mimi mwenyewe alinifundisha alifu na be, na bakora yake naikumbuka zaidi kuliko alifu. Mjomba alikuwa amepeleka posa. Maalim hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Nitapita siku moja niwaangalie." Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, mwanangu. Baba wa msichana hupita bila taarifa, huangalia uwanja umefagiwa vipi, mtungi una maji au hauna, kijana anaamkia watu namna gani. Haandiki kitu, lakini hasahau.

Basi alipita. Na alipita asubuhi ambayo mjomba ametoka, nami niko peke yangu chumbani, mezani, maganda yamejipanga mbele yangu kwenye kibao chao chenye matundu, mengine yameshapata baruti, mengine bado. Nikasikia, "Assalamu alaykum."

Sauti ile niliijua. Mkono umeshika kipimo, macho yako kwenye maganda. Nikanyamaza.

"Hodi wenyewe!"

Nikanyamaza.

"Hodi!" ya tatu hiyo, na dirisha lilikuwa wazi. Niliinua macho kidogo, tukaonana. Nakwambia tukaonana, uso kwa uso, Maalim na mkwe mtarajiwa. Nami nikayarudisha macho kwenye maganda, nikamimina kipimo kilichofuata. Dini inasema ukibisha mara tatu usijibiwe, rudi. Maalim akarudi. Nilisikia makubadhi yake yakienda zake juu ya changarawe, na kila hatua iliniuma.

Nilimaliza lile ganda na lililofuata na yaliyobaki, nikayafunga yote, ndipo nikatoka mbio. Njia ilikuwa tupu.

Habari hazikukawia. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa, tayari kisimani wanawake wanasema kijana wa Hamisi hajui kuitika salamu. Alasiri akaja shangazi yake Mwanamisi, hakuketi hata kukaribishwa maji. Alisema, "Kaka yangu amesema lile jambo tuliache." Basi. Akaondoka. Nilikaa kwenye kizingiti nikalia, mwanangu, mtu mzima na ndevu zangu zinaanza kuota. Nilijiambia, la kuvunda halina ubani.

Mjomba aliporudi nilimweleza yote. Nilitegemea ataniunga mkono. Si nimelishika sharti lake? Si nimelilinda jicho lake? Maana risasi zile angezipiga yeye. Nikasema kwa kiburi kidogo, "Mjomba, uliniambia sina mdomo."

Akauliza, "Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Sikuwa nakimbilia mahali."

"Ulikuwa unakwenda wapi baada ya kazi?"

Nikaona haya. "Mpirani, Msambweni."

"Ala!" akasema. "Kumbe si baruti iliyokufunga mdomo. Ni mpira."

Nilitaka kubisha, akaniinulia mkono. "Sikiliza, Bakari. Nilikwambia usiongee ukiwa umeshika baruti. Nilikwambia usiiweke chini? Mgeni amekuja. Unamimina baruti yote irudi mkebeni, ganda kwa ganda, mpaka kibao kiwe kitupu. Unanawa. Unatoka, unamwitikia mtu salamu yake kwa ukamilifu wake, unamuuliza wa kwake mpaka na kuku. Akienda, unarudi unaanza ganda la kwanza. Baruti haiharibiki ikirudi mkebeni. Mtu akirudi njiani ndiye anayeharibika."

"Lakini mjomba, nilikuwa nimebakisha machache!"

"Ndiyo hayo machache yaliyokukosesha mke," akasema. "Wewe hukuogopa kukosea. Uliogopa kuanza upya. Anayeogopa kuanza upya simwachii risasi zangu."

Neno hilo lilinikata. Mpaka leo likinijia naona uso unawaka. Kwa sababu lilikuwa kweli, mwanangu. Nilikuwa nimeivika haraka yangu kanzu ya uangalifu, hata mimi mwenyewe nikaiamkia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho yake baada ya swala ya alfajiri tulikwenda kwa Maalim. Nilimbusu mkono, akaniachia mkono baridi. Mjomba akanisukuma kwa kiwiko nianze.

"Maalim, naomba radhi. Jana nilikusikia."

"Najua ulinisikia. Nilikuona." Alikuwa akizungusha tasbihi yake, hanitazami. "Kutoa salamu ni sunna, kuitika ni faradhi. Nilikufundisha hilo hujui hata kufunga shuka."

Nami, ujana huu! Badala ya kunyamaza nikasema, "Mbona anayeswali haitiki, Maalim?"

Tasbihi ikasimama. "Ulikuwa unaswali?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mjomba alifumba macho. Nilidhani safari imekwisha pale pale. Lakini mjomba wangu, aliyekuwa hasemi maneno kumi kwa siku, akasema kwa upole, "Maalim, kijana ni mjinga, na mjinga ni wangu. Mimi siombi umsamehe. Naomba uje uketi uone kazi yenyewe ilivyo. Ukishaona, useme utakalo, nasi hatutakusumbua tena." Maalim akafikiri. Nadhani alikuwa na hamu pia, maana watu wote walijua mjomba hujaza risasi na hakuna aliyewahi kuona. Akachukua fimbo yake.

Tukamweka kwenye kiti kizuri, mbali kidogo na meza. Mjomba akasema mbele yake, "Bakari, mimi nimekaa hapa kama mgeni. Nyumba leo ni yako, wageni ni wako." Nikanawa, nikapanga maganda, nikaanza. Nikafika katikati, mara nje, "Hodi hapa! Mzee Hamisi yuko?"

Alikuwa Mutua, jirani yetu Mkamba aliyepewa shamba kwenye makazi mapya kule juu. Sisi nguruwe hatumgusi, kwa hivyo kila mjomba alipoua, Mutua na watu wake ndio waliokuja kumbeba. Nikashusha pumzi. Nikakimimina kila kilichokuwa ndani ya maganda kirudi mkebeni, nikakigeuza kibao, nikanawa, nikatoka. "Karibu Bwana Mutua, habari za asubuhi, mama hajambo, watoto hawajambo, mvua huko imewashukia?" Akajibu yote, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyejua nani yumo ndani, "Leo nguruwe yuko ama hakuna?"

Nikamsikia Maalim huko ndani, "Astaghfirullah!" Lakini mjomba aliapa baadaye kwamba alisema hivyo huku anacheka.

Nikarudi, nikaanza ganda la kwanza. Lakini habari ilikuwa imeenea kwamba Maalim Omari ameketi kwa Hamisi tangu asubuhi, na kijiji kinajua kuna kesi. Nani asingetaka kupita? Akapita mzee wa mtaa, eti anamtafuta jogoo wake. Nikamwaga, nikanawa, nikatoka. Akapita yule shangazi. Nikamwaga, nikanawa, nikatoka, nikamwamkia kwa adabu zote za Pwani, naye akijaribu kuchungulia juu ya bega langu. Wakapita vijana wenzangu kwa makusudi, mahasidi wale, wakanitolea salamu mmoja mmoja ili nizirefushe. Kila mara nilipandwa na hasira, na kila mara nikarudisha baruti mkebeni na kuanza upya. Jua likapanda. Hakuna hata ganda moja lililofungwa.

Nakwambia kweli, kuna mahali pale katikati ambapo hasira iliniishia. Sijui ilikwenda wapi. Niliona tu kwamba kumwaga hakuniumi tena. Mkono ulitulia, na nilipokuwa nje nikimsalimu mtu, nilikuwa nje kweli, namsikiliza. Nilipokuwa mezani, nilikuwa mezani. Sikuwahi kuijua raha hiyo.

Maalim ndiye aliyechoka kwanza. "Hivi wewe," akasema, "utamaliza lini?"

"Watu watakapomaliza kupita, Maalim."

"Na mtu mmoja akipita ukiwa umebakisha ganda moja?"

"Nitamwaga."

"Na jana kwa nini hukumwaga?"

Nikakiangalia kibao. "Jana nilikuwa na haraka ya kwenda mpirani."

Nilifikiri nimejimaliza. Kisha nikasikia kiti kinaburutwa. Maalim Omari, mtu aliyekuwa na heshima ya kijiji kizima, amekibeba kiti chake mwenyewe, amekwenda kukiweka mlangoni, ameketi na fimbo yake kati ya magoti, ametazama njia. Akasema bila kugeuka, "Watu wakiwa pamoja, akiitika mmoja imewatosha wote. Hilo nalo ni katika dini, ila hatukulifikia ulipotoroka chuo. Fanya kazi yako. Salamu nitaziitika mimi."

Na aliziitika, mwanangu! Kila aliyepita alipata jibu refu kuliko alivyotaraji, pamoja na za nyumbani kwake na kwa nini mtoto wake haonekani chuoni wiki hii. Vijana wenzangu walipomwona ndiye bawabu, waligeukia njiani wakapitia migombani. Mimi nikapima, nikajaza, nikafunga, moja baada ya moja, mpaka la mwisho. Mjomba alizichukua risasi zile, akazipapasa kwa mgongo wa kidole moja moja, akaziweka mfukoni. Hakunisifu. Alizitia mfukoni tu, risasi ambazo angeziwekea shavu lake, na hiyo kwangu ilikuwa sifa tosha.

Maalim akainuka, akajinyoosha kiuno. "Hamisi," akasema, "ya mahari tutaongea wakubwa. Kijana, sharti langu ni moja. Binti yangu akikuita nyumbani, usimwambie subiri nimalize."

"Sitamwambia, Maalim."

"Utamwambia. Wote tunawaambia. Lakini ukishamwambia, ukumbuke leo."

Tulioana baada ya mavuno. Na kwa miaka yote mjomba aliyokuwa nayo bunduki ile, siku ya kujaza risasi Mwanamisi aliketi mlangoni na ukili wake, akasuka na kupokea wageni, na hakuna mtu aliyepita kwetu akakosa jibu. Mjomba alikufa kwa uzee kitandani pake, macho yake yote mawili yakiwa salama.

Sasa nakuja kwako, kwa maana sikukuita bure. Wiki iliyopita nilikuja pale karakana yako Ukunda, hukuniona. Ulikuwa umepanda ngazi unaunganisha umeme wa duka la watu pale jirani, mkono mmoja kwenye nyaya, mwingine kwenye simu, unamjibu mtu sijui nani, unacheka. Kazi ya nusu na salamu ya nusu. Nikarudi kimya kimya nisikushtue, nikasema huyu ataitwa nyumbani, siyo kupigiwa kelele juu ya ngazi. Nimepata hofu tangu siku hiyo, silali vizuri, nakuambia wazi.

Sikuambii usiitike watu. Dunia ya asiyeitika watu ni finyu, na mimi niliionja kwa siku moja ikanitoa machozi. Wala sikuambii uitike huku mkono uko kwenye hatari, maana jicho la Bwana Salimu lilikwenda kwa swali la mbuzi. Nakuambia hivi: lililo mkononi lipe mikono yote, na mtu aliyekuja mpe uso wote. Yakikutana mawili, shuka kwenye ngazi. Zima, weka chini, mwitike mtu, kisha urudi uanze mwanzo, si pale unapodhani umeachia. Kuanza upya si hasara. Wazee walisema kawia ufike, na sehemu kubwa ya kukawia ni kukubali kurudia. Na kama kazi ni ya siku nzima, tafuta mwenzako aketi mlangoni. Mtu hakuzaliwa aitike yote peke yake. Huyo mdogo wako hana shughuli, mpe simu aishike, aseme, "Kaka yuko kazini, anakusalimu sana." Imetosha, na hakuna aliyedharauliwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akujaalie mikono isiyotetemeka na ulimi usiomnyima mtu haki yake. Akulinde na moto unaoonekana na usioonekana, akupe kazi ya halali, na mke atakayekupenda hata siku utakayomwambia asubiri. Kila utakaloanza upya akutie baraka humo kuliko ulilolimaliza kwa pupa. Akukuze, uzeeke na viungo vyako vyote, uje uwaite wa kwako uwaketishe hivi nilivyokuketisha. Amin. Sasa pitia uani ukamwamkie bibi yako, na umwitikie mpaka amalize.